Nyota Tano za Kununua

Kitasa kilizunguka, kikatulia, kikazunguka tena.

Ndivyo tulivyomwacha Mwalimu, msomaji wangu: amepiga magoti nyuma ya meza ya bosi, droo ya chini iko wazi, mkono umezama ndani hadi kiwikoni, na mtu yuko mlangoni. Saa tano na robo asubuhi, ofisi nzima iko kazini. Pa kujificha hapakuwepo, labda aingie ndani ya droo yenyewe.

Mlango ukafunguka.

Hakuwa Mshauri, bosi mwenyewe.

Alikuwa mhasibu, yule ambaye ofisi nzima inamwita Mzee wa Risiti ingawa hajafika hata hamsini, kwa sababu hakuna aliyewahi kununua hata majani ya chai ya ofisi bila kudaiwa risiti. Alisimama, miwani imemshuka puani, akamtazama mwanamke aliye nyuma ya meza kama anavyotazama hesabu isiyolingana.

"Mwalimu," akasema. "Umeangusha kitu?"

"Hereni."

"Huvai hereni."

Kweli, hakuwahi kuvaa.

Mzee wa Risiti akafunga mlango nyuma yake, akageuza ufunguo. Mwalimu akakamata kilichokuwa karibu, ile mashine ya chuma ya kutoboa karatasi, akainuka nayo. Kama ni kuumia, hataumia peke yake.

"Weka hiyo chini," mhasibu akasema, wala hakuinua sauti. "Droo hiyo ina biskuti na kalamu zilizokauka. Unachokitafuta kiko kwangu."

Kwa aliyeanza kutusoma leo, mambo yalianza hivi.

Mwaka jana Mwalimu alikuwa mwalimu kweli, wa lugha, wa sekondari. Mdogo wake wa kiume, seremala, alitaka mkopo wa kununua msumeno wa pili wa umeme. Akamwuliza dada yake, msomi wa familia, "Dada, nikakope wapi?"

Dada akafungua tovuti ya Mshauri. Nani asiyeijua? *Ushauri bure, kwa moyo mweupe.* Akamwonyesha orodha ya mikopo kumi bora kwa mafundi, na kidole chake mwenyewe kikagusa namba moja, yenye nyota tano.

"Kopa hapa," alimwambia. "Hawa hawauzi kitu. Wanashauri tu."

Riba ya namba moja ilikuwa inapanda kila wiki kama uji jikoni. Miezi tisa haikuisha, msumeno wa pili ulichukuliwa, na wa kwanza ukafuata. Karakana ikafungwa. Mke akarudi kwao na watoto. Seremala mwenye mikono ya dhahabu akarudi kulala kwenye chumba alichozaliwa, nyumbani kwa mama yao, muuguzi mstaafu.

*Hawa hawauzi kitu.* Maneno hayo yalimkaa Mwalimu kooni kama mwiba wa samaki. Aliacha kazi ya shule, akaomba kazi ya mhariri wa lugha kwenye tovuti ileile, akaipata. Miezi mitatu alisahihisha nukta na koma, akicheka na kila mtu, akipika chai, akingoja. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Sasa turudi ofisini.

Mzee wa Risiti alitoa bahasha kwapani, chini ya koti.

"Unajua tunakula nini hapa?" akauliza.

"Damu za watu."

"Usiwe na haraka. Msomaji hatulipi hata senti, hilo ni kweli. Anasoma orodha yetu, anabonyeza kile kitufe cha kijani. Kitufe kinabeba alama yetu hadi kwa mkopeshaji, ili ajue ni sisi tuliomleta. Akijaza fomu, mkopeshaji anatupa kitu kidogo. Akipewa mkopo, tunapewa kikubwa. Huo ndio mshahara wako, Mwalimu. Hiyo ndiyo sukari ya chai unayoipika."

"Kwa hiyo ni wizi."

"Si wizi! Dalali wa nyumba ni mwizi? Anachukua chake, na kila mtu anajua anachukua. Kuna tovuti zinakula kamisheni, zinasema waziwazi kwamba zinakula, na orodha zinaipanga kwa haki. Sisi wenyewe miaka miwili ya kwanza tulikuwa hivyo." Akavua miwani, akaifuta kwa tai. "Ubaya ni kumwambia mgeni hujala, na midomo yako inameta mafuta."

Akatoa karatasi ya kwanza. Ilikuwa orodha ya zamani. Mwalimu akatafuta juu jina la namba moja wa leo, asilione. Akashuka na orodha. Akalikuta namba tisa, nyota moja, na mbele yake neno moja la wino mzito: *Waepuke.*

Karatasi ya pili ilikuwa barua ya mkopeshaji huyohuyo. Mistari minne tu. Walikuwa tayari kulipa mara tatu ya wengine kwa kila mteja, iwapo "nafasi yao itaangaliwa upya".

"Iliangaliwa lini?" Mwalimu akauliza.

"Kesho yake. Kutoka tisa hadi moja kwa usiku mmoja. Hawakushusha riba. Kwenye mkataba wao hawakubadilisha hata koma."

Karatasi ya tatu ilikuwa agizo kwa wafanyakazi, na sahihi ya Mshauri ilikuwa chini yake, ile yenye mkia mrefu. *Malalamiko yote ya wasomaji kuhusu namba moja yafutwe kila Ijumaa.*

Mwalimu alikaa kwenye kiti cha bosi bila kujua kwamba amekaa. Mdogo wake aliandika malalamiko. Aliandika mara sita. Dada yake ndiye aliyemsaidia kupanga sentensi.

"Kwa nini unanipa mimi?"

"Kwa sababu Jumatatu wakaguzi wanakuja, na jana nimekuta makaratasi yenye sahihi yangu ambayo mkono wangu haukuyasaini. Usinishukuru. Mimi si mtu mwema. Mimi ni mtu aliyeona kaburi linachimbwa, akalipima, akakuta ni saizi yake." Akafungua mlango. "Saa sita anaingia hewani. Ukitaka kumchoma, mchome moto ukiwa unawaka."

"Najua saa ngapi anaingia hewani," Mwalimu akasema, akizikunja karatasi. "Mimi ndiye ninayemsomea maswali."

*

Chumba cha matangazo kilikuwa stoo zamani. Walikuwa wamebandika magodoro ukutani kuzuia mwangwi, wakaweka meza ya mbao, taa ya duara, na mmea wa plastiki. Humo ndani, kila Alhamisi mchana, Mshauri alizungumza mubashara na taifa lake.

Alipenda kuvaa shati la kawaida, mikono imekunjwa, kama mtu aliyetoka sasa hivi kumsaidia jirani kubeba saruji. Uso wa upole, na sauti ya mjomba anayekuletea habari njema. Hata Mwalimu, pamoja na chuki yake yote, kuna siku alijikuta anaitikia kwa kichwa.

"Tayari, bosi," akasema Binti wa Kamera. "Watu elfu kumi na moja wanatazama."

"Ndugu zangu!" Mshauri akafungua mikono. "Mimi ni yuleyule, siwauzii kitu, nawashauri. Mwalimu, tupe swali la kwanza."

Karatasi ya maswali ilikuwa mbele ya Mwalimu. La kwanza lilitoka kwa muuza mitumba aliyetaka kujua namna ya kuweka akiba. Mwalimu akaliruka.

"Swali linatoka kwa fundi seremala," akasoma, macho kwenye kamera. "Anauliza: Mshauri, mtu akibonyeza kitufe chako cha kijani akaenda kukopa, wewe unalipwa?"

Binti wa Kamera akainua kichwa.

Mshauri hakupepesa. Akacheka, tena kicheko kizuri.

"Swali safi kabisa! Ndiyo, tunalipwa. Nani alisema hatulipwi? Teremka chini kabisa ya ukurasa wowote, chini ya anwani yetu. Pameandikwa: *Tunaweza kupokea malipo kutoka kwa washirika wetu.* Pameandikwa tangu siku ya kwanza. Mwalimu hapa ni shahidi, mwezi jana ameisahihisha sentensi hiyo yeye mwenyewe. Au siyo, Mwalimu?"

Mwalimu alihisi kiti kinazama. Ilikuwa kweli. Aliondoa herufi moja iliyozidi, akaendelea na kazi. Maandishi madogo kama mayai ya chawa, na yeye, aliyekuja kutafuta uovu kwa tochi, aliyapita akikagua tahajia!

Kwenye skrini maoni yalikuwa yanakimbia. *Someni ndipo mlalamike. Huyo mama katumwa. Mshauri oyee.*

"Lingine," akasema Mshauri kwa upole, na chini ya meza akamkanyaga mguu.

Kosa kubwa hilo. Laiti asingemkanyaga.

"Lingine linatoka kwa fundi huyohuyo," Mwalimu akasema, na karatasi tatu zikatoka mfukoni. "Anauliza: kampuni uliyoiweka namba tisa, ukaandika *Waepuke*, iliamkaje asubuhi ikawa namba moja?"

Taa ya duara ikasikika inavyolia.

Akainua orodha ya zamani mbele ya kamera. Akaisoma barua, mistari yote minne, polepole, kama anayetoa imla. Alipofika kwenye "mara tatu" akarudia, kwa ajili ya walio nyuma. Kisha akasoma lile agizo la Ijumaa, na akaigeuza karatasi ili ule mkia wa sahihi uonekane vizuri.

"Sita kati ya malalamiko hayo," akasema, "tuliyaandika mimi na mdogo wangu."

Kila neno lilimtoka tamu. Alikuwa amelingoja miezi mitatu, kwenye foleni ya choo, kwenye chai, kwenye kila "asante bosi". Alimwona Mshauri akibadilika rangi kuanzia shingoni, akatamani saa isimame hapo, amtazame mpaka ashibe.

"Zima," Mshauri akasema, meno yameumana.

"Kitufe kimekwama, bosi," akajibu Binti wa Kamera.

"Zima nimesema!"

"Kimekwama kabisa." Na wala hakuwa amekigusa. Mikono yote miwili alikuwa ameiweka mapajani. "Watu elfu thelathini sasa, bosi. Tabasamu."

Maoni yaligeuka kama upepo. *Mimi nilifutiwa mara tatu. Na mimi. Na mimi. Pikipiki yangu iko wapi? Rudisha!*

Hapo mtu mwingine angelia, au angekimbia. Mshauri alivuta kiti, akajimiminia maji, akanywa yote. Kisha akageuka, akamtazama Mwalimu kwa huruma. Msomaji, ogopa adui akikutazama kwa huruma.

"Unadhani sikujua wewe ni nani?" akasema. "Siku uliyoomba kazi nilitafuta ukoo wako kwenye mfumo wetu. Mtu akija kwako na kisu, usimfukuze. Mpe vitunguu akate, umwone." Akatoa simu mfukoni. "Ndugu zangu, mnajua mpango wetu wa Mlete Rafiki. Ukishakopa, unapewa alama yako. Ukimleta mwenzako kwa alama hiyo, na wewe unapata kamisheni, kama sisi. Halali kabisa. Sasa huyu seremala anayeliliwa hapa, tazameni. Alama yake imeleta watu kumi na wanne."

"Muongo!" Mwalimu akasimama.

"Kumi na wanne. Karibu wote mafundi wa mtaa mmoja. Wa mwisho alimleta baada ya yeye mwenyewe kunyang'anywa msumeno. Alijua moto unavyochoma, akawaleta wenzake. Mimi kama ni mwizi, Mwalimu, basi mdogo wako ni wakala wangu bora wa mwaka. Mpigie. Mpigie hapahapa tusikie wote."

Kikulacho ki nguoni mwako. Watu hulisema neno hilo kwenye vikao vya harusi wakiwa wameshiba, wanalisema bila kulihisi. Mwalimu alilihisi. Lilimtambaa mgongoni.

Angeweza kuondoka. Mlango ulikuwa hatua nne. Na Mshauri alikuwa anautazama mlango huo kwa matumaini, maana akiondoka yeye, hadithi yote inageuka ugomvi wa familia moja ya matapeli.

Akaipiga namba. Akaweka sauti kubwa, akailaza simu mezani, karibu na kipaza sauti.

Iliita mara mbili tu. Ilikuwa kama iko mkononi mwa mtu tayari.

"Dada." Sauti ya mdogo wake ilikuwa ndogo. Nyuma yake ilisikika televisheni, na ndani ya televisheni ilisikika sauti ya Mwalimu mwenyewe, imechelewa kidogo. "Dada, tunakuona."

"Ni kweli?"

Kule, mtu akapunguza sauti ya televisheni.

"Nimekuuliza kwa Kiswahili. Ni kweli?"

"Ni kweli, dada."

"Kwa nini?"

"Rejesho." Akameza mate, elfu thelathini wakasikia. "Rejesho la kila wiki lilikuwa linanimaliza. Nikimwingiza mtu mmoja, kamisheni yake inalipa wiki moja. Napumua. Wiki ikiisha, namtafuta mwingine. Nilijiambia huyu wa mwisho. Kila mara nilijiambia."

Mshauri aliegemea kiti, akafumbata mikono tumboni. Alikuwa amemaliza kazi.

Lakini hakumjua Mwalimu. Alidhani uchungu wa ndugu utamfunga mdomo, kama unavyowafunga wengi. Mwanamke yule alikuwa ameacha kazi na pensheni yake kwa ajili ya kisasi. Kisasi cha namna hiyo hakichagui nyumba.

"Wataje," akasema.

"Dada?"

"Wataje mmoja mmoja, hewani. Kila utakayemtaja umwombe radhi akikusikia. Nitakushika shati mwenyewe mpaka milangoni kwao. Wewe ni mwizi mdogo, na wewe utalipa. Tukimalizana na wewe, tutabaki na huyu mkubwa aliyekufundisha."

Mikono ya Mshauri ikafumbuka.

Seremala akaanza. Fundi viti na mwanawe. Mpaka rangi wa kona. Yule bubu anayenoa misumeno. Mama wa kibanda cha misumari. Kila alipotaja, alisema "nisamehe", na sauti ilizidi kupasuka. Kwenye maoni, kuna walioanza kujibu. *Mimi ndiye mpaka rangi. Nakusikia.* Binti wa Kamera alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kitambaa cha lenzi.

Mwalimu alihesabu kwa vidole. Kumi na watatu. Hapo seremala akakoma.

"Wa kumi na nne?"

"Dada, huyo niache."

"Nani?"

"Nakuomba kwa jina la marehemu baba."

"Baba alikufa hana deni la mtu. Nani?"

Televisheni ya kule nyumbani ikazimwa, na ghafla sauti yake ikawa karibu sana, kana kwamba yuko chini ya meza.

"Mama," akasema. "Simu yake ilitaka kidole gumba. Alikuwa amelala mchana, kwenye kochi. Niliukamata mkono wake polepole, nikauweka. Ndiyo maana pensheni yake inakuja robo, dada, rejesho linakatwa humo. Si ofisi ya pensheni. Ni mimi."

Miezi mitano Mwalimu alikuwa anampeleka mama yule mzee kwenye madirisha ya ofisi ile, foleni hadi jua la utosi, akigombana na makarani wasio na kosa.

Mshauri akatabasamu. "Naona," akasema kwenye kamera, "familia hii inahitaji faragha."

Ndipo kwenye simu kukasikika mkwaruzo, kama kitu kinapokonywa. Kisha sauti nyingine. Kavu, ya mwanamke mzima, ya mtu aliyewaamrisha wagonjwa miaka thelathini.

"Lete hapa. Mwalimu, mwanangu, unanisikia?"

"Nakusikia, mama."

"Usimlilie ndugu yako. Siku ile sikuwa nimelala."

Mwalimu akaisogeza simu karibu zaidi na kipaza sauti.

"Nilihisi anaukamata mkono wangu, nikamwacha auweke. Zile foleni za pensheni unisamehe, sikutaka yeyote ajue. Nilikuwa nataka jina langu liingie kwenye vitabu vya huyo bwana uliyekaa naye hapo. Nimelitafuta dirisha la kumwingilia miaka ishirini na sita. Sasa mgeuzie simu, nimsalimie. Mwambie ni muuguzi wa wodi namba nne, zamu ya asubuhi."

Mwalimu akageuka kumtazama Mshauri.

Mtu huyo alikuwa amesomewa barua mbele ya maelfu, akanywa maji. Alikuwa ameonyeshwa sahihi yake, akatabasamu. Lakini aliposikia "wodi namba nne", aliruka kitini, akamsukuma Binti wa Kamera hadi ukutani, akapiga magoti sakafuni mbele ya watu elfu thelathini, na kuanza kuchomoa nyaya kwa mikono yake mwenyewe. Ya wodi hiyo, msomaji wangu, yasubiri toleo lijalo.